Karai la Laurette na Wiki ya Kuyeyuka

Jumapili, Machi 10

Mdomo wangu huu ungekuwa mbwa ningeufunga kamba.

Leo baada ya kanisa tumesimama dukani kwa Bi Ardith, kahawa mkononi, tope mlangoni. Redio iko juu ya jokofu kama siku zote. Yule bwana wa hali ya hewa akasoma wiki nzima ya huku kwetu, kaskazini ya Vermont. Jumatatu na Jumanne baridi kali. Jumatano jua, usiku kuganda. Alhamisi mawingu. Ijumaa jua tena. Jumamosi mvua kutwa. Baada ya hapo joto, mchana na usiku.

Watu wakachangamka kama kuku waliomwagiwa mtama. Usiku ugande, mchana uyeyuke, ndiyo maji matamu yanapanda kwenye miti ya sukari. Usiku ukishakuwa wa joto, basi, miti imefunga duka mpaka mwakani. Kwa hiyo ni wiki hii tu. Kila mtu anaongea ndoo.

Normand Cota akanigeukia. Huyu ni kaka wa marehemu mke wangu, Laurette. Ana miti mlima mzima upande wa jua, mipira ya plastiki ya kupitishia maji kutoka mti hadi mti, kibanda chenye taa. Akaniuliza, shemeji, lile karai la baba bado umelitundika ukutani kama picha ya Bikira? Akasema karai ni la kuchemshia shira, siyo pambo. Lilikuwa la baba yake, likaenda kwa Laurette kwa sababu Laurette ndiye aliyejua kuchemsha. Sasa Laurette hayupo, na karai halijaona moto tangu azikwe. Aliyasema kwa upole. Huo upole ndio ulioniudhi.

Ningenyamaza. Sikunyamaza. Nikasema mwaka huu nachemsha mimi. Jumamosi kwenye karamu ya shira na theluji, pale ukumbi wa kanisa, shira yangu itakuwa mezani. Isipokuwepo, karai beba.

Bi Ardith akaacha kufuta kaunta. Normand akanyoosha mkono. Tukashikana.

Ukweli nauandika hapa tu. Miaka yote ya ndoa sijachemsha hata kijiko. Kazi yangu ilikuwa kuni. Kupasua kuni, kuleta kuni, kufokewa nifunge mlango naingiza baridi. Laurette alisimama juu ya lile karai, mvuke mpaka darini, sura simwoni, nasikia sauti tu: kuni, Orrin!

Lakini ni maji na moto. Ugumu uko wapi?

Nimelitoa ukutani, nimelipangusa. Pana kama mlango, bati jepesi. Limeacha alama nyeupe ukutani, kubwa. Nimegeuza kiti nisiione. Normand halichukui. Simpi!

Jumatatu, Machi 11

Redio inasema baridi mpaka Jumatano. Redio iko Burlington, ghorofani. Mimi niko hapa chini bondeni. Paka wangu amelala akilipa jiko mgongo. Dalili ya joto hiyo!

Mpango: nitoboe miti leo, wenzangu wakiwa wamelala. Kesho joto likija mimi nakinga wa kwanza.

Nimetoboa kabla ya kazi, kwa keekee ya mkono ya Laurette. Vidole viliganda nikawa nasukuma kwa kifua. Mirija imekaa, ndoo zimetundikwa, vifuniko juu. Nikarudi nyuma nikaangalia. Nilijiona tajiri!

Hakuna tone.

Mchana nilikuwa kazini, barabarani, namwaga kokoto za mji, Normand akasimamisha pikapu. Akaiangalia miti yangu kitambo kirefu. Akasema shemeji, nina maswali mawili. La kwanza, kwa nini umetoboa upande wa kivuli, jua linafika huko wakati wa kuvuna viazi? La pili, ile mitatu ya mwisho unataka shira au unataka mipini? Maana ile ni miti ya mipini ya shoka.

Nikamwambia najua. Nikamwambia ni majaribio.

Akasema aaa, majaribio. Akaondoka anapiga honi mpaka kwenye kona.

Sasa mimi nitajuaje? Majira haya miti yote iko uchi! Vua nguo watu wote wa mji huu uone kama utamjua hakimu ni yupi.

Jioni nikamsimulia Bi Ardith habari ya paka. Akasema paka akilipa jiko mgongo baridi inaongezeka, hata paka mwenyewe anajua. Nimenunua maharage nikaondoka.

Jumanne, Machi 12

Baridi kuliko jana. Paka alijua.

Mpango mpya, na huu wa akili kabisa. Jua likikataa kwenda kwa mti, peleka joto kwa mti. Mtu akiganda unamfanyaje? Blanketi na chupa ya maji moto. Nimechagua mti mnene kuliko yote, ule karibu na kibanda alichokuwa akichemshia Laurette. Nimeufunga blanketi la sufi. Ndani yake nikapachika zile chupa mbili za mpira ninazowekea mgongo. Kamba juu, kamba chini. Fundo likakataa kukaza. Nikaukumbatia mti kwa mikono yote miwili, shavu kwenye gome.

Hapo ndipo Bi Ardith alipopita na gari. Akateremsha kioo. Akaniuliza mti una homa? Nikasema hapana. Akauliza basi lini harusi, aanze kupika keki? Nikaendelea kukaza fundo. Akapandisha kioo taratibu sana, ananiangalia tu.

Nikasubiri. Nikasubiri.

Tone!

Nikaruka! Nikapiga yowe peke yangu bondeni. Tone lingine! Nikakinga kidole, nikalamba.

Ladha ya mpira. Chupa imetoboka.

Blanketi limegandia mtini, limekuwa ubao. Nimelivuta halitoki. Leo nalala na makoti. Na nacheka. Nimelala hapa nacheka na dari. Tangu mazishi sijatoka nje asubuhi nikiwa na haraka ya kuona kitu.

Jumatano, Machi 13

YANATOKA! YANATOKA! YANATOKA!

Redio ilisema jua na jua likaja. Kubahatisha tu, lakini haya.

Asubuhi barabara ilikuwa chuma. Kufika chakula cha mchana ni uji. Gari la posta likazama mpaka milangoni mbele ya kanisa, bosi wa barabara ananipigia kelele lete kokoto, lete kokoto, na mimi nimesimama katikati ya njia nimeinua kichwa kama kuku anayekunywa maji. Nilikuwa nasikiliza. Tin. Tin. Tin. Matone kwenye ndoo za watu. Bosi akaniuliza nimepigwa na kiharusi? Nikamwambia nyamaza kidogo, bosi. Hajawahi kuambiwa hivyo. Akanyamaza!

Jioni jua likachungulia bondeni kwangu, na yangu yakaanza. Nimekwenda ndoo hadi ndoo. Ule mti wa blanketi haujatoa kitu, umenuna. Ile ya mipini ndiyo kabisa. Lakini mingine! Nimeinamia ndoo nikanywa kama ng'ombe. Maji ya baridi yanayouma meno, halafu kule nyuma ya ulimi utamu mdogo, wa kibahili. Nimecheza. Ndiyo, nimecheza, na buti za mpira. Tope likabaki na buti moja. Nikaendelea na soksi.

Nikapita dukani kujionyesha. Normand alikuwepo. Nikamwambia yanatoka. Akasema vizuri shemeji, na usiku huu utaganda, tena yeye hupenda ugande. Barafu inamfanyia kazi. Asubuhi nusu anatupa, kuni zinapona. Wote wakatikisa vichwa kama watu wanaojua. Na mimi nikatikisa.

Nusu unatupa! Amenipa siri yake bure, mbele ya mashahidi. Nilitaka kuuliza zaidi. Sikuuliza. Ukimwuliza Normand kitu kimoja atakufundisha mpaka Pasaka.

Alhamisi, Machi 14

Nimemwambia bosi goti limegoma. Goti halina neno.

Ndoo zote zimeganda nusu. Juu barafu nene, nyeupe, safi kama sahani za harusi. Chini yake kuna maji kidogo ya njano, yananatanata, yana vijiti na mdudu. Nusu unatupa. Nusu ipi? Hilo nalo linahitaji shule? Unatupa chafu, unabakiza safi.

Nimeyamwaga yale ya njano kwenye theluji, ndoo kwa ndoo. Wakatokea kindi wawili, wakaanza kulamba theluji kwa fujo. Nikawatupia buti. Ile iliyobaki.

Barafu yote karaini. Moto! Kuni zangu kavu, hapo simwogopi mtu wa wilaya hii. Mvuke ukajaa kibanda, ukatokea kwenye kila ufa. Nikafungua mlango makusudi uonekane barabarani. Normand akapita. Akapunguza mwendo. Akatoa kichwa dirishani akasema shemeji, naona kweli umeanza! Naapa alikuwa na wasiwasi usoni. Nikampungia mwiko.

Nikachemsha. Yakapungua, nikaonja. Maji. Nikaongeza kuni. Yakapungua tena, nikaonja. Maji. Nikajiambia utamu uko chini kabisa, unajificha. Kufika jioni limebaki tone la kikombe kimoja kwenye kona ya karai. Nikachota kwa kijiko, nikafumba macho.

Maji ya moto!

Siku nzima. Kuni za wiki nzima. Nimetengeneza kikombe cha maji ya moto.

Nimekinywa. Kumbe goti nalo lilikuwa linauma kweli, kwa kusimama.

Ijumaa, Machi 15

Asubuhi nimemwuliza Bi Ardith kwa kuzunguka, kama habari ya mtu mwingine. Rafiki yangu. Wa kijiji cha mbali. Huyo rafiki, ndoo zikiganda, akamwaga yale maji ya chini akachemsha barafu...

Hakuningoja nimalize. Alishika kaunta. Akakalia gunia la viazi. Akasema Mungu wangu, barafu ni maji matupu! Sukari yote inakimbilia kwenye yale yasiyoganda! Mtoto wa chekechea anajua! Akafuta machozi kwa aproni. Akasema mwambie rafiki yako amewafanyia kindi karamu ya mwaka.

Kindi nilikuwa sijawataja.

Nikamwomba asimwambie Normand. Akasema hawezi kumwambia, kwa sababu akianza kusimulia atakufa kwa kicheko kabla hajafika kwenye barafu.

Redio juu ya jokofu: leo jua safi. Kesho mvua kutwa. Halafu joto hilo, usiku na mchana. Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Na karamu ni kesho. Mtu mwenye akili angerudi bondeni akakaa na ndoo zake.

Mimi nikapata mpango.

Ng'ambo ya mto, upande wa New Hampshire, kuna duka kubwa. Huko hakuna anayenijua. Wanauza ile shira ya uongo, ya mahindi na rangi, kwenye chupa yenye mkono. Unaimimina kwenye chupa ya jamu, unaipitisha kwenye moshi kidogo. Nani atajua? Nimevaa kofia ya kuvulia samaki nimeishusha mpaka kwenye nyusi. Nimeiweka ile chupa chini ya mkate, chini ya karatasi za chooni, chini ya gazeti.

Mama wa kulipisha akatoa gazeti. Akatoa karatasi. Akatoa mkate. Akaishika chupa kwa vidole viwili kama amekamata panya mkia. Akanitazama chini ya kofia. Akasema wewe si mume wa Laurette Cota? Akasema alichemsha shira na Laurette wakiwa wasichana, kwenye kibanda cha baba yake, na Laurette aliwahi kumfukuza mtu mezani kwa uchafu kama huu. Halafu akauliza, sauti ya chini kama padri: hii ni ya nani?

Nikasema ya mbwa.

Akasema masikini mbwa. Akaiweka nyuma yake. Hakuniuzia! Nimerudi na mkate.

Njia nzima masikio yanawaka. Na jua lote lile nje, nimelipoteza kwa kwenda kuaibishwa jimbo la watu. Nikaingia bondeni nikaenda moja kwa moja kwenye ndoo, nimejiandaa kuzikuta kavu.

Zimejaa! Zimefurika mpaka zinachuruzika kwenye gome! Hata mti wa blanketi umenisamehe, umetoa ndoo nzima na blanketi lake mwilini kama shehe. Nilikaa kwenye theluji nikacheka mpaka suruali ikalowa. Halafu nikabeba. Ndoo mbili, mbili, mbili, mpaka mabega yakawa ya mtu mwingine. Leo hakuna kutupa nusu. Hata mdudu anaingia karaini.

Hakugandi tena, naona. Kesho alfajiri moto.

Jumamosi, Machi 16

Naandika na vidole vinanata. Kitabu kinanata. Kalamu inanata. Nimefanya!

Mvua kutwa, kama redio ilivyosema. Inagonga bati la kibanda, mimi ndani nachemsha. Maji yakaanza meupe, yakaja rangi ya majani makavu, yakaja rangi ya chai. Halafu harufu. Ile harufu! Nilikuwa nimeisahau. Nilisimama na mwiko mkononi kama mjinga aliyepotea sokoni.

Ndipo povu likapanda. Likapanda kama maziwa yaliyotukanwa, likafika ukingoni, linataka kumwagikia motoni. Nikakumbuka: Laurette alikuwa anadondosha siagi, kipande cha ukubwa wa kucha. Nikatupa pande zima. Kidogo ni kwa watu wasio na haraka. Povu likanywea pale pale, kama kibarua akiingia bosi.

Lakini utajua lini imeiva? Hapo nilitoka jasho. Laurette alikuwa anainua mwiko kwenye mwanga wa dirisha, na sisi wote tunanyamaza. Nikauinua. Ikadondoka matone, matone. Bado. Nikarudia. Matone. Bado. Nikarudia, ikajikusanya kwenye ukingo wa mwiko, ikaning'inia pana kama pazia dogo, haitaki kuanguka.

Nikanyamaza. Hakuna mtu mle ndani na nilinyamaza.

Halafu nikasema kwa sauti: kuni, Orrin! Nikaenda nikaleta kuni. Nikazishindilia jikoni zote, mpaka mlango wa jiko ukagoma kufunga. Ndiyo kazi niliyoipenda.

Nimechota kwa kata mpaka tone la mwisho. Ndoo zote zile, jasho lote lile, imetoka chupa moja ya jamu. Moja! Nimeiinua dirishani. Ina rangi ya jicho la paka. Nimeibusu chupa.

Moto unaunguruma vizuri. Acha ujifie wenyewe. Karai nitalikosha kesho. Nimechelewa, natafuta soksi. Normand, kaa vizuri, nakuja!

Jumapili, Machi 17

Mwili mzima unauma. Naandika nikiwa kitandani na miguu kwenye beseni.

Karamu kwanza, kwa sababu hiyo ni tamu.

Ukumbi umejaa, watu wanatoa mvuke kwa mvua. Donati mezani, achari ya matango kando ya kuukata utamu. Theluji wameileta kwenye mabeseni kutoka nyuma ya kanisa, ilikuwa imebaki kivulini. Kila shira inapashwa moto, Bi Ardith anaimwaga juu ya theluji, watu wanaangalia. Shira ya kweli inakaa juu, inakuwa ngozi, unaivuta kwa uma. Maji yaliyopakwa rangi yanazama. Hapo hakuna wakili.

Zamu yangu. Normand amekunja mikono. Bi Ardith akamwaga.

Ikazama.

Kidogo tu, lakini ilizama, na moyo wangu ukazama nayo. Nikaona karai linapanda kwenye pikapu ya Normand. Kisha ikasimama. Ikang'aa. Ikajikunja pembeni kama ngozi. Bi Ardith akaivuta kwa uma ikavutika, ikavutika, mtu wa nyuma akapiga mluzi.

Normand akaonja. Alitafuna muda ambao ningeweza kuoa tena. Akasema moshi. Akasema siagi. Akasema shemeji, siagi NYINGI. Akachukua uma wa pili. Halafu akavua kofia akasema, ni shira. Karai ni lako.

Kelele! Nikapanda juu ya benchi. Hakuna aliyeniomba, nilipanda tu. Nikawahutubia. Nikamshauri Normand kuhusu kuchagua miti, upande wa kivuli una faida zake ambazo watu wa mipira ya plastiki hawazijui. Nikafika kwenye sehemu ya siri ya siagi. Hapo mtu wa dirishani akauliza ni nani anachoma kitu kule bondeni, mvua yote hii?

Normand akanitazama. Akauliza polepole kabisa: shemeji, karai ulilitoa motoni?

Nilikuwa bado juu ya benchi.

Pikapu yangu ikazama getini. Ya Normand ikazama nyuma ya yangu. Tukakimbia kwa miguu, tope mpaka magotini. Yeye ni mkubwa kwangu na alinipita. Kibanda kilikuwa kimesimama, mlango wa jiko mwekundu, na karai kavu juu yake, jeusi tititi, kona moja imejikunja kama sikio la mbwa. Normand akalishika kwa glavu, akatoka nalo, akaliweka kwenye theluji. Likapiga kelele kama nyoka.

Tukasimama kwenye mvua. Nikasubiri matusi. Nilikuwa nayastahili, hata niliyachagua. Nikamwambia sema tu.

Akasema baba yao aliwahi kuliunguza. Halafu akacheka puani. Akasema na Laurette aliliunguza, unajua? Mwaka ule kijana mmoja alipoanza kuja kibandani kwao kuleta kuni. Aliacha karai likakauka anamwangalia yeye tu akipasua. Baba yao alitaka kumuua huyo kijana.

Sikulijua hilo. Hakuniambia maisha yake yote! Mvua ilikuwa inanipiga usoni, nikamwacha Normand afikirie ni mvua.

Akasema karai halijafa. Nilijaze maji ya mti yaliyochacha, niliache hapo mpaka majani yatoke, halafu nipanguse kwa kitambaa laini. Basi. Nisilikwaruze, nisilisugue na kitu chochote kikali, bati lile limekula miaka, ni jembamba kama karatasi. Nilitaka kumwuliza kisichofaa ni kikali kiasi gani. Sikuuliza. Alikuwa amekwisha kunishinda kwa mbio zile, sikutaka kumwongezea ushindi.

Leo redio inasema wiki ijayo joto, mawingu, joto. Watu wote dukani wananiuliza karai linaendeleaje, Bi Ardith akiniuliza huku ameuma midomo. Nikawajibu. Nimemwambia Normand, mbele ya duka zima, aje kwangu Jumanne alione ukutani, linang'aa kama siku baba yake alipolinunua. Akasema Jumanne hii? Shemeji, nilisema majani yatoke. Nikasema Jumanne hii. Akanyoosha mkono. Tukashikana. Lisipong'aa, linakwenda kwake.

Mpaka majani yatoke! Nani ana muda huo?

Mpango ninao. Karakana ya mji ina ile mashine ya kupuliza mchanga, tunayotolea kutu kwenye jembe la greda. Kesho bosi anakwenda kung'olewa jino, funguo ninazo. Lile jembe ni chuma kinene kama mkono wangu, na ukilipuliza mara moja tu linakuwa kioo.

Karai jembamba kama karatasi litachukua muda mfupi zaidi!